Kiegemeo cha Kushoto

Kutoka Tunduma hadi Nanyala kitanda kilisafiri juu ya fuso lililokuwa likirudi tupu baada ya kushusha mahindi. Kutoka Nanyala, kupitia Itaka, hadi kijiji cha Ishilanga kilipanda guta la magurudumu matatu, na Ketrina akapanda nacho, amekaa pembeni huku amepakata mfuko wa nati. Ilikuwa Julai. Baridi ya Mbozi ilikuwa imeshika kweli kweli, na chuma kilikuwa cha baridi kiasi cha kuuma vidole. Njiani watu walimuuliza amekinunua kwa ngapi. Aliwajibu kwamba yeye hakununua kitanda, amenunua mgongo.

Mgongo wake ulikuwa umechoka. Alikuwa amechuma kahawa tangu usichana, na kila siku alirudi kulala kwenye kitanda cha mbao alichopewa siku ya harusi, ambacho kilikuwa kimezama katikati kiasi kwamba yeye na mumewe, Yesaya, walikutana huko bondeni hata siku walizogombana. Hiki cha chuma kilikuwa kimenyooka. Zahoro, fundi wa kuchomelea mwenye kibanda karibu na maegesho ya malori, alikipiga kofi mbele yake na kusema, "Hiki utazeeka nacho, mayo," maana ndivyo wafanyabiashara wa pale mpakani wanavyowaita akina mama wa pande zote mbili.

Yesaya alikuwa mzee wa kanisa na mtu asiyependa kubadilishiwa vitu. Alikizunguka kitanda, akasema kinafanana na cha bweni. Kisha akalala juu yake, asiamke hadi jua lilipoingia dirishani. Miezi yote ya baridi hawakuwa na neno nacho.

Oktoba joto likaja. Jumapili moja baada ya ibada Yesaya alivua koti, akajinyoosha kitandani chini ya bati lililokuwa likilia kwa kutanuka, akapitiwa na usingizi. Ketrina alikuwa uani akichambua maharage aliposikia anaitwa, si kwa sauti ya woga, bali kwa ile ambayo mumewe huitumia akikosa soksi.

"Mama Rozi! Hebu njoo uone kitanda chako."

Upande wa kichwani ulikuwa umeinuka na kumkalisha Yesaya nusu. Upande wa miguuni ulikuwa umejikunja na kuingia chini, na mahali pake vilikuwa vimechomoza viegemeo viwili vya chuma, kila kimoja na kikombe mwishoni, na ndani ya vikombe hivyo ilikuwa imetulia miguu ya Yesaya, imeinuliwa na kutanuliwa. Rangi ya kahawia aliyopaka Zahoro ilikuwa imegeuka ya maziwa. Chini kulikuwa na magurudumu manne ambayo asubuhi hayakuwepo.

"Hiki ni kitanda cha kuzalia," alisema Ketrina.

"Naona. Nishushe."

Jioni, hewa ilipopoa, kitanda kilijinyoosha chenyewe, magurudumu yakaondoka, nao wakaenda kula. Lakini haikuwa ya siku moja. Kila mara bati lilipochemka, kitanda kiligeuka. Hata joto la watu wawili chini ya blanketi zito lilitosha kukigeuza. Yesaya alipendekeza walale mbalimbali ili kisipate joto. Ketrina alimwambia hakununua kitanda ili aachike.

Alivumilia wiki nzima, akiamka amekaa, mguu mmoja hapa na mwingine kule, na mgongo ukimuuma pale pale ulipokuwa ukimuuma zamani. Jumatatu alijifunga kitenge kizuri, akapanda gari kwenda Tunduma.

Zahoro alikuwa akikata mabomba. Alipomwona alizima grinda.

"Kitanda chako kinageuka," alisema Ketrina, bila hata kuamkiana.

"Kinageuka kuwa nini?"

"Cha kuzalia."

"Pamoja na magurudumu?"

"Pamoja na magurudumu."

Zahoro alishusha pumzi kama mtu aliyepata jibu la jambo lililomsumbua siku nyingi. Magurudumu yale alikuwa ameyafungua kwenye kitanda hicho na kumuuzia Mzambia mmoja wa Nakonde mwenye toroli la kuuzia juisi, na tangu joto lianze yule bwana alikuwa akimpigia simu kila mchana kulalamika kwamba toroli limekaa chini. Jioni magurudumu yalimrudia.

"Kumbe yanakuja kwako," alisema Zahoro. "Nitamwambia. Atatulia."

"Sikupanda gari kuja kumtuliza Mzambia. Mimi nataka kitanda kinachokaa kitanda."

Fundi alimvutia kigoda, naye akakikataa. Basi akamweleza akiwa amesimama. Chuma cha skrepa kinakumbuka, alisema. Hilo kila fundi wa Tunduma analijua. Yeye mwenyewe aliwahi kutengeneza geti kwa mabaki ya basi, na geti hilo halikuwahi kufunguka bila kupiga honi. Ndiyo maana chuma hupitishwa kwanza kwenye moto, kisahau. Ila hicho cha Ketrina alikishika siku ambayo umeme ulikuwa umekatika na gesi imeisha. Alikikunja kwa mikono, cha baridi, nacho kikamkubalia kama waya.

"Nikajua nimepata chuma kizuri," alisema Zahoro.

"Nani alikuletea?"

"Mtu wa huko huko kwenu. Alivileta vitatu, vipya, nailoni bado iko juu yake. Viwili nilivipitisha motoni, vikawa nondo za madirisha, hivyo havitamsumbua mtu. Mwenyewe alikuja amevaa suti. Danieli. Danieli Mbonile."

Ketrina sasa alikikalia kigoda.

Danieli Mbonile alikuwa mwenyekiti wa kamati ya zahanati ya Ishilanga, na kanisani alikaa benchi la mbele yake. Miaka miwili iliyopita zahanati ililetewa vitanda vitatu vya kujifungulia kutoka ng'ambo. Akina mama walicheza ngoma hadi vumbi likawafunika wageni, na Ketrina mwenyewe alipika wali wa siku hiyo. Wageni walipoondoka vitanda viliingizwa stoo. Kutoka stoo, wakaambiwa, vimekwenda matengenezoni. Tangu hapo wanawake wa Ishilanga walizalia sakafuni, juu ya mpira uliotandikwa kitenge. Masika yaliyopita mke wa Yonathani, seremala, alivuja damu pale sakafuni mpaka hapakuwa na damu ya kuvuja. Nesi Ikupa alisema baadaye kwamba mtu akiwa chini, na wewe umepiga magoti, huoni damu inatokea wapi.

"Kilete nikitie motoni," alisema Zahoro kwa upole. "Kitasahau kila kitu. Sikutozi hata senti."

"Nitafikiri," alisema Ketrina. Kichwani alikuwa hafikirii moto.

Alimkuta Danieli nyumbani kwake, anasimamia vijana waliokuwa wakiosha kahawa. Danieli alikuwa mtu mwenye adabu. Alimwamkia, akaulizia mgongo wake, akaulizia hali ya Yesaya, akaagiza aletewe chai.

"Chai sinywi, Baba Tukuswiga. Nimekuja kuuliza vitanda vya zahanati."

"Viko matengenezoni, Mama Rozi."

"Kimoja kiko chumbani kwangu."

Danieli hakukunja uso, wala hakutazama pembeni.

"Basi hicho kimetengenezwa," alisema.

Ketrina alisubiri maneno mengine. Hayakuja. Kilichokuja ni chai, na kwa hasira aliinywa yote.

Habari haikukaa. Siku ya pili yake nesi Ikupa alifika mchana, bado na aproni ya kazi. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye magoti yaliyovimba, na sababu ya kuvimba kwake kila mtu aliijua. Alifunua shuka, akakuta kitanda kimekwisha kugeuka, akapitisha kiganja kwenye viegemeo, akasukuma kitanda mbele na nyuma kwa magurudumu yake.

"Ndicho chenyewe," alisema. "Mama Rozi, kesho unatoka?"

"Niende wapi?"

"Nina mtu."

Kesho yake alimleta mtu mwenyewe, msichana wa Nanyala aliyeolewa pale kijijini. Asubuhi ilikuwa bado ya baridi, kwa hiyo Ketrina aliweka jiko la mkaa chini ya kitanda, akafungua madirisha hewa ya mkaa itoke, akapanga chupa za maji ya moto pande zote za godoro. Kitanda kilipata joto kikainuka, na Ikupa, kwa mara ya kwanza tangu ahamishiwe Ishilanga, alizalisha akiwa amesimama. Yesaya aliyasikia yote hayo akiwa nje ya uzio, mahali alipokuwa ametumwa yeye na Biblia yake. Alipoitwa ndani alikuta mtoto wa kike analia kwenye mto wake.

Baada ya huyo walikuja wengine. Walikuja kutoka Ishilanga, kisha kutoka vitongoji vya jirani, na mmoja aliletwa kwa pikipiki kutoka mbali kabisa kule Ndalambo, kwa kuwa shangazi yake alikuwa amesikia gulioni. Hakuna aliyeuliza kitanda kilipataje kugeuka. Waliuliza kama kuna maji, na kama wanaweza kuja na mama mkwe. Ketrina aliwajibu wote kwa ukali, na wote aliwapokea. Alifua shuka. Alikoka moto. Usiku yeye na Yesaya walilala kwenye kile cha zamani cha mbao, kilichotolewa stoo ya kahawa kikirudi na bonde lake, wakakutana humo chini wakiwa wamenuniana.

"Ulisema unanunua mgongo," Yesaya alimwambia.

"Nyamaza, Baba Rozi."

Mwezi Novemba, kabla mvua hazijachanganya, kijiji kiliitisha mkutano. Ketrina aliwaomba wanaume wanne wambebee kitanda hadi mbele ya ofisi ya kijiji. Walikiweka juani, bila godoro, watu wakiwa wameketi kwenye nyasi wamekizunguka. Yonathani seremala alikuja akasimama nyuma kabisa.

Jua lilipanda. Kitanda kiliinua kichwa, kikakunja miguu, kikatoa viegemeo, rangi ikageuka ya maziwa, magurudumu yakatua kwenye vumbi moja baada ya jingine. Mzee mmoja alisogeza kigoda chake ili kipate nafasi.

Ketrina alieleza. Alisema kitanda alikinunua wapi, kwa nani, na fundi alimtaja nani. Aliongea kwa utulivu aliokuwa ameufanyia mazoezi jikoni, na hakumwacha Danieli bila kumtaja jina lake na la baba yake. Alipomaliza, Yonathani aliinua mkono.

"Mimi nina swali moja. Mke wangu alilazwa chini. Hiki kitanda siku hiyo kilikuwa wapi?"

Danieli alisimama, akafunga kifungo cha koti.

"Ndugu yangu Yonathani, pole tena. Kilikuwa matengenezoni. Na kama sote tunavyoona, kimepona."

Baadhi ya watu walipiga makofi, kwa kuwa walikuwa wamezoea kupiga makofi Danieli anapomaliza kusema. Yonathani alibaki amesimama, mkono bado uko juu, kama mwanafunzi aliyesahauliwa na mwalimu. Baadaye aliushusha.

Ketrina alisema basi angalau kitanda kipelekwe zahanati kilikotoka. Mwenyekiti wa kijiji alinong'onezana na wenzake. Kisha akaeleza, kwa huruma, kwamba jambo hilo lina ugumu wake. Kwa taarifa zilizopo wilayani zahanati ina vitanda vitatu. Kikiongezwa hiki vitakuwa vinne, na hicho cha nne kitaombewa maelezo.

"Lakini hakuna hata kimoja!" alisema Ketrina. "Si mnajua nyote kwamba hakuna hata kimoja?"

"Tunajua, mama," alisema mwenyekiti. "Ndiyo maana nakwambia lina ugumu."

Wakaendelea na habari ya kalavati lililobebwa na maji njia ya Itaka. Wanaume wanne walikirudisha kitanda kwa kukisukuma, maana magurudumu yalikuwa bado yapo.

Ilikuwa baada ya mkutano huo ndipo Ketrina alipoona kwamba kiegemeo cha kushoto hakishuki vizuri. Kitanda kilipopoa kila kitu kilirudi mahali pake, isipokuwa chuma hicho kilichobaki kimejitokeza kama kiwiko cha mtu aliyelala vibaya. Mara iliyofuata kilibaki juu zaidi. Na wakati wa joto, kilipotakiwa kupanda, hakikupanda chote. Gurudumu la upande huo nalo lilianza kubaki Ishilanga hata jioni, na Zahoro alipiga simu kusema Mzambia sasa anasukuma toroli la magurudumu matatu na ameanza kutukana.

Rozi, binti yao, alikuwa mwalimu wa fizikia sekondari huko Tunduma. Alipokuja likizo ya Desemba alikikalia kitanda, akasubiri bati lipate moto, akainuliwa, akashushwa, akakiangalia kile chuma cha kushoto kwa muda. Halafu alikwenda jikoni akarudi na hindi kavu alilokuwa amelimenya.

"Mama, njoo. Na wewe baba. Hii ni aloi, chuma cha kuchanganya, na hiki wamechanganya nikeli na titani. Ndani yake chembe zimejipanga kwa mistari, kama punje za hindi hili. Kikiwa cha moto mistari inasimama hivi. Kikipoa inalala upande. Inakwenda yote kwa pamoja, kama kwaya inavyoyumba. Ndiyo maana kinalijua umbo lake."

"Kwaya gani inayoyumba yote kwa pamoja," alisema Yesaya.

"Ndilo tatizo lenyewe, baba. Angalia hapa." Aliwaonyesha mahali ambapo mstari mmoja wa punje ulianza vizuri kutoka kwenye kikonyo, ukafika katikati ya hindi ukakoma, na punje za jirani zikabanana kuziba pengo, zimepinda. "Kila mara kitanda kinapogeuka, kuna mistari inakatikia njiani namna hii. Kasoro hiyo haiondoki. Kinapogeuka tena, inaikuta ya jana, na nyingine mpya inajibana hapo hapo. Zikishajazana, sehemu ile inakwama. Haiendi mpaka mwisho, na hairudi mpaka mwisho."

"Mbona kushoto tu?" aliuliza Ketrina.

"Nesi anasimama upande gani?"

"Kulia."

"Basi mguu wa kulia anausaidia yeye, na mama anayesukuma anakanyagia kushoto. Huko ndiko kunakoumia."

Ketrina alilichukua hindi akalitazama. Alikuwa amemenya mahindi maisha yake yote na mistari ya namna hiyo alikuwa ameiona mara nyingi, bila kudhani kuna mahali pengine itakuja kumsumbua.

"Dawa yake nini?"

"Moto mkali. Mistari itajipanga upya, kasoro zitaisha. Lakini na umbo litasahaulika. Huwezi kufuta kimoja ukabakiza kingine."

"Yaani wametengeneza kitu kinachoharibika kwa kufanya kazi yake," alisema Yesaya.

"Vilikuwa vitatu, baba. Vingegawana kazi. Hiki kinafanya ya vyote."

Siku kadhaa baada ya hapo Yesaya alinyanyua mdomo, na hakugomba. Alimwambia mkewe kwamba yeye anazeeka, na yeye Ketrina anazeeka, na kitanda sasa si cha kulala wala si cha kuzalia. Kinalala vibaya na kinazalisha vibaya. Wamewaambia watu, watu wamesikia. Wamekionyesha, watu wamekiona. Kipelekwe Tunduma kikatiwe motoni, wapate angalau kitu kimoja kilichonyooka humu duniani.

Ketrina alimpigia simu Zahoro. Zahoro alisema tanuru liko tayari wakati wowote, na gesi ipo.

Guta lilikuja asubuhi ya Januari, mvua imekatika kidogo. Dereva alikuwa ametandika magunia, na Yesaya alikuwa amekwisha kufungua nati za kichwani, gari la Danieli lilipoingia uani bila kupiga honi. Danieli alishuka akiwa na viatu visivyofanana. Kiti cha nyuma alikaa nesi Ikupa, amemshikilia Tukuswiga, binti pekee wa Danieli, aliyekuwa amekuja kujifungulia kwao. Tukuswiga alikuwa akilia kwa sauti nyembamba, ya mtu aliyelia kwa muda mrefu.

"Mama Rozi," alisema Danieli.

Ketrina alisimama mlangoni na spana ya mumewe mkononi. Mambo aliyokuwa nayo ya kumwambia Danieli yalikuwa mengi na yalikuwa yamepangwa vizuri. Kisha Tukuswiga, aliyekwisha kushushwa garini, akashikwa na uchungu tena, akainama, akashika ukuta wa nyumba kwa mikono yote miwili.

"Baba Rozi, rudisha nati," alisema Ketrina. "Na wewe, usisimame hapo. Koka moto."

Danieli alivua koti, akapiga magoti mbele ya mafiga, akapuliza hadi machozi yakamtoka. Alichemsha maji, akajaza chupa, akaziacha mlangoni, akarudi kujaza nyingine. Ndani, kitanda kilipata joto. Kichwa kiliinuka. Kiegemeo cha kulia kikapanda, kikasimama, kikashika mguu wa Tukuswiga. Cha kushoto kilitoka kidogo, kikatetemeka, kikakwama. Wakaongeza jiko. Wakakizungushia matambara ya maji yanayochemka. Hakikupanda. Mguu wa Tukuswiga ulikuwa ukiteleza na kuanguka, na kila ulipoanguka naye aligeuka upande, na Ikupa akapoteza alichokuwa anakiona.

"Mtoto amekaa vibaya," alisema Ikupa kwa sauti ya chini. "Nahitaji huu mguu ubaki juu. Usiondoke hata kidogo."

Ketrina aliingia chini ya kile chuma, akaweka bega, akanyooka. Kilikuwa cha moto na kizito, na uzito wa Tukuswiga ulikuja juu yake wote alipoanza kusukuma. Mgongo wa Ketrina ulimwambia kila ulichokuwa nacho. Hakujibu. Alisimama hivyo, ameegemeza paji la uso kwenye goti la binti wa Danieli, akisikia Danieli nje anapuliza moto, anakohoa, anapuliza. Kila Tukuswiga alipokanyaga, chuma kilimzamia begani, naye alikisukuma juu tena, akisema kwa meno yaliyobana maneno ambayo mke wa mzee wa kanisa hatakiwi kuyajua.

"Sukuma, binti," alisema Ikupa. "Tena. Namwona. Mama Rozi, shikilia hapo hapo."

Mtoto alitoka ametanguliza makalio, wa kiume, mkubwa, amenuna. Baadaye damu ilikuja nyingi, na Ikupa, akiwa amesimama wima, aliona inakotoka, akaizuia.

Danieli aliruhusiwa kuingia. Alimbeba mjukuu wake, akalia waziwazi, akamshika Ketrina mkono ule ambao bega lake lilikuwa halimtii tena.

"Mungu amekitumia kitanda hiki," alisema.

"Vitatu, Baba Tukuswiga," alisema Ketrina. "Alitaka kutumia vitatu."

Danieli aliitikia kwa kichwa, kwa unyenyekevu wa kweli. "Kamati itakaa," alisema. Akarudi kwake kutafuta kiatu chake kingine.

Dereva wa guta alikuwa bado anasubiri, amelala juu ya magunia yake. Alitaka kujua wanapakia au hawapakii. Yesaya alimtazama mkewe, na mkewe alimtazama Ikupa, ambaye alikuwa akinawa mikono kwenye beseni.

"Kesho kuna mtu?" aliuliza Ketrina.

"Keshokutwa wako wawili," alisema Ikupa.

"Nenda na guta lako," Ketrina alimwambia dereva, kwa hasira kana kwamba yeye ndiye aliyewapa mimba.

Kamati ilikaa. Ilimpongeza Ketrina kwa barua iliyosomwa kanisani, na ikamwomba asakafie chumba chake na kupaka kuta rangi inayooshwa, kwa gharama zake, kwa kuwa huduma ya mama na mtoto ina viwango vyake. Machi walikuja wageni kutoka mkoani. Danieli, aliyekuwa amechaguliwa tena, aliwapitisha zahanati kwa haraka, kisha akawaleta hadi chumbani kwa Ketrina, ambako utepe mwekundu ulikuwa umefungwa mlangoni. Mgeni mmoja aliukata. Wakapiga picha. Ketrina alipika wali. Yonathani seremala alikuwa amepita asubuhi na gogo la mninga, akajaribu kulichonga liwe nguzo ya kukisimamisha kile chuma, lakini chuma hakikukaa sehemu moja. Kila siku kilikwama mahali tofauti. Gogo aliliacha uani, akaondoka bila kungoja wali.

Wageni walikuwa bado wanakula, mwanamke mmoja alipoingia getini akitembea polepole, mkono kiunoni, mama mkwe wake nyuma amebeba ndoo. Ikupa aliacha sahani yake. Danieli, bila kuambiwa, alivua koti akaenda kwenye mafiga. Ketrina alimwonyesha mwanamke mlango, akamkemea kwa kuchelewa, akamsaidia kupanda. Halafu alikunja kitenge mara nne, akakiweka begani, akainama chini ya chuma cha kushoto na kungoja kipate joto.